Mama ameanguka mara mbili na mvua zinakaribia: je, yoga itamsaidia?

"Mama yangu ana miaka 72, tunaishi naye Mikindani, Mtwara. Mwaka huu ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Machi, mvua ilinyesha usiku kucha, akateleza uani akienda chooni na ndala zake. Mara ya pili Agosti, aliamka alfajiri kuswali, akasimama, akaona giza, akaanguka kando ya kitanda. Alhamdulillahi hakuvunjika. Tangu hapo tumemkataza kwenda shambani kuokota korosho, tumemnunulia fimbo, na sasa anashinda barazani. Anaswali kwenye kiti. Mwanangu anayesoma Dar es Salaam amemtumia video za yoga ya wazee, anasema zinasaidia balansi. Majirani wanasema yoga ni ibada ya Wahindi, wengine wanasema bibi wa umri huo akianza kujikunja atavunjika mgongo. Anatumia dawa za presha na sukari yake hupanda mara kwa mara. Mvua za Desemba hizo zinakuja, na mimi silali nikisikia anafungua mlango usiku. Tufanye nini?"

Mfikishie mama shikamoo yangu kabla hujamsomea haya mengine. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mahali niliposita zaidi ni pale uliposema sasa anashinda barazani. Najua mmefanya hivyo kwa mapenzi. Karibu kila familia ninayokutana nayo katika kazi yangu ya mazoezi tiba huku kusini hufanya vivyo hivyo: mzee akianguka, anakalishwa. Naomba unisikilize kwa utulivu, kwa sababu hapo hasa ndipo ninapotofautiana nanyi, na nikikunyamazia nitakuwa sijakusaidia.

Tuanze na jambo dogo, kusimama. Mwili uliosimama hautulii hata kidogo. Mwangalie mtu kwenye foleni ya zahanati: anayumba taratibu mbele na nyuma kama mashua iliyotia nanga, na kila akiyumba kuna kitu kinamrudisha. Kinachomrudisha ni ubongo, na ubongo hupata habari zake sehemu tatu. Macho yanauambia ukuta uko wapi na ardhi iko wapi. Ndani ya kila sikio kuna vijifereji vitatu vyenye majimaji, na karibu yake kuna chembe ndogo za chokaa. Hivyo ndivyo vinavyohisi kichwa kikigeuka au kuinama. Sehemu ya tatu ni nyayo, vifundo vya miguu na misuli, ambavyo husema kama umekanyaga mchanga, sementi au tope, na uzito umeegemea upande gani. Ukifumba macho ukasimama kwa mguu mmoja, utaona jinsi unavyohangaika habari za sehemu moja tu zikikatika.

Baada ya habari kufika, kinachofuata ni misuli kuitika. Ukiyumba kidogo, vifundo vya miguu vinakurudisha. Ukiyumba zaidi, nyonga zinaingia kazini. Ikishindikana kabisa, mguu mmoja hutupwa haraka ukudake. Hatua hiyo moja ya kujidaka ndiyo tofauti kati ya kujikwaa na kuanguka. Wewe na mimi tunajikwaa kila siku kwenye vizingiti na mizizi, ila hatukumbuki kwa sababu mguu uliwahi.

Umri unagusa vyote hivyo kwa pamoja. Mtoto wa jicho hutia ukungu machoni. Sikio la ndani hupungukiwa. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mgonjwa akasema anahisi kama amevaa soksi wakati yuko peku. Misuli nayo hupungua, na kinachotangulia kuondoka ni wepesi, kabla ya nguvu. Ndiyo maana mama anaweza kubeba ndoo ya maji vizuri kabisa na bado akashindwa kuutupa mguu kwa wakati akiteleza.

Sasa niambie, kipi kati ya hivyo kitapona kwa kukaa barazani? Misuli ya mapaja isiyoinua mwili hulegea ndani ya wiki chache tu. Nyayo zisizokanyaga ardhi ya kupanda na kushuka hupoteza uzoefu wake. Juu ya hayo inaingia hofu. Mtu anayeogopa kuanguka hukaza mwili mzima, hupiga hatua fupi za kuburuza, hutazama miguu yake muda wote, na akigeuka anageuka wote kama mlango. Mtembezi wa namna hiyo huanguka kirahisi zaidi ya yule anayetembea kwa kujiamini. Mnamlinda na kuanguka kwa leo, lakini mnamwandalia kule kwa mwakani.

Wala sisemi kwamba kuanguka ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na walio hatarini zaidi ni wenye miaka zaidi ya 60. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi ana mifupa iliyopungua uimara, na nyonga ikivunjika kwa mtu wa miaka 72 maisha ya nyumba nzima hubadilika. Hofu yako ina msingi. Ninachopinga ni dawa mliyoichagua.

Kabla ya yoga, lakini, naomba tutenganishe hizo ajali mbili, kwa sababu umeziandika kama jambo moja na mimi naziona ni mbili tofauti kabisa.

Ya Machi ilikuwa ya utelezi: uwanja umelowa, giza, ndala za soli iliyolika, na mguu uliochelewa kujidaka. Hiyo mazoezi yanaisaidia, na marekebisho ya nyumba yanaisaidia zaidi.

Ya Agosti ni habari nyingine. "Akasimama, akaona giza." Mtu akiwa amelala, damu imetandaa mwilini mote. Akisimama ghafla, sehemu kubwa inateremka miguuni na tumboni, na mishipa inatakiwa kujibana mara moja ili presha isishuke kichwani. Mzee mishipa yake huchelewa. Dawa za presha zinaweza kuichelewesha zaidi, upungufu wa maji mwilini vilevile, na sukari ya muda mrefu huharibu hata zile fahamu zinazoiamuru mishipa ijibane. Hakuna mkao wa yoga utakaolitibu hilo. Mpeleke zahanati au kituo cha afya, umwombe mhudumu ampime presha akiwa amelala kwa dakika tano, kisha akisimama, ampime tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari anatakiwa kuzipitia dawa zake upya. Apimwe na sukari, na mwulize kama kuna alfajiri huwa anaamka akitetemeka na jasho jembamba, maana sukari kushuka nako huangusha. Nakusihi usimpunguzie dawa wewe mwenyewe. Presha ikipanda ikaleta kiharusi tutakuwa tumeruka majivu tukakanyaga moto.

Wakati mnasubiri siku ya kwenda, kuanzia usiku wa leo: akiamka aketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikanyage chini, anyanyue visigino na vidole kwa kupokezana kama anayekanyaga cherehani, ahesabu taratibu hadi sitini, ndipo asimame huku ameshika kitu. Subhana zake za alfajiri anaweza kuzileta hapo hapo, zinatosha kabisa muda huo.

Mwulize swali moja zaidi: je, chumba kinazunguka akijigeuza tu kitandani au akiinua uso kutazama juu? Ikiwa ndivyo, huenda zile chembe za chokaa za sikioni zimehama mahali pake. Wengi hudhani ni presha na kukaa na shida hiyo miaka, wakati mtaalamu anayejua namna ya kukigeuza kichwa kwa hatua anaweza kuirekebisha kwa dakika chache.

Haya, yoga.

Majirani zako wana hoja ambayo siipuuzi. Yoga imezaliwa India, na kwa Wahindu wengi ni sehemu ya maisha yao ya dini. Lakini kile ambacho mjukuu amekituma, yaani kusimama, kupumua, kuhamisha uzito, kunyoosha mikono, hakina dua wala nyimbo ndani yake, na mwili wa binadamu hauna dini katika namna ya kusimama kwa mguu mmoja. Video yenye maneno asiyoyaelewa izimwe sauti au iachwe. Moyo wake ukiwa bado mzito, amwulize sheikh anayemwamini, na mazoezi yaitwe mazoezi ya mizani. Faida haipungui kwa kubadilishiwa jina. Jambo la kulazimishwa hatalifanya wiki sita, na bila wiki sita hakuna matokeo.

Kuhusu kuvunjika mgongo, majirani wamepatia nusu. Ipo mikao ambayo mama hatakiwi kuifanya: kuinama hadi vidole vya miguu huku mgongo umepinda kama upinde, kujisokota kiuno kwa nguvu, kuweka kichwa chini kuliko moyo, kuzungusha shingo duara. Mifupa dhaifu ya uti wa mgongo huweza kubonyea kwa kukunjwa mbele, na mwenye presha hahitaji kichwa chini. Video nyingi za intaneti hutengenezwa na vijana wenye viungo vya mpira, hata zikiandikwa za wazee.

Nikuambie ukweli pia kuhusu ushahidi. Mwaka 2019 yalichapishwa mapitio makubwa ya tafiti 108 zenye washiriki 23,407, wazee wanaoishi majumbani kwao. Mazoezi yalipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23, na yaliyofanya kazi ni yale yanayoisumbua mizani yenyewe na kuimarisha miguu. Kwa yoga peke yake tafiti ni chache na ndogo. Zinaonyesha wenye miaka 60 na zaidi hupata mizani bora kiasi na wepesi wa kutembea, ila kwamba yoga yenyewe inapunguza idadi ya kuanguka, hilo bado halijathibitika vya kutosha. Kwa hiyo ningechukua kutoka kwenye yoga kile kinachofanana na mazoezi yaliyothibitika, yaani kusimama, kuhamisha uzito na kuinuka, na pumzi yake tulivu. Mengine ningewaachia vijana.

Nitakupa machache, na ni machache kwa makusudi. Atafutiwe pembe ya chumba, mahali kuta mbili zinapokutana, asimame mgongo ukiielekea pembe, na mbele yake kiti kizito cha mbao. Kiti cha plastiki hapana, kinateleza kwenye sementi. Akiyumba nyuma kuna ukuta, akiyumba mbele kuna kiti. Peku ni bora sakafu ikiwa kavu na ngozi ya nyayo nzima. Mwenye ganzi avae viatu vilivyobana vizuri, asije kukanyaga msumari asijue.

Kwanza asimame tu, kile ambacho kwenye yoga huitwa mlima. Miguu iachane kwa upana wa nyonga. Azitafute kwa akili nguzo tatu za unyayo wake: kisigino, chini ya dole gumba, chini ya kidole cha mwisho. Auhamishe uzito polepole mbele, nyuma, kulia, kushoto, bila kuinua mguu, akipumua kama kawaida. Dakika mbili. Linaonekana jambo la kitoto, lakini unyayo unakumbushwa kazi yake.

Kisha kukaa na kuinuka kwenye kiti, na hapa ndipo nitakapokuwa mkali. Kama mna nafasi ya zoezi moja tu kwa siku, liwe hili. Kiti kiegemezwe ukutani, miguu irudi nyuma kidogo ya magoti, kifua kitangulie mbele, atoe pumzi akiinuka, ashuke taratibu bila kujitupa. Mara tano, apumzike, mara tano tena. Mwanzoni asukume kwa mikono. Lengo ni mikono iachwe mapajani, kisha kifuani. Baada ya hapo anyanyue visigino akiwa ameshika kiti, mara kumi, aimarishe shavu la mguu. Halafu aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole kama anayetembea juu ya kamba, akae hapo sekunde kumi, abadilishe. La mwisho ni mti mdogo: uzito kwenye mguu mmoja, mguu wa pili unyanyue kisigino tu na kukiegemeza kwenye kifundo cha mwenzake, vidole vikiwa bado vimegusa chini. Ule mti wa kwenye picha, wa mguu kupandishwa hadi pajani, hauhitaji kuufikia.

Kuna bibi mmoja wa Lindi nilimfuatilia miezi michache, naye alishaanguka. Siku ya kwanza aliushika ukuta kwa viganja vyote viwili, kwa kubana mpaka kucha zikabadilika rangi. Sikumwambia aachie. Wiki ya pili nikamwomba abakishe kiganja kimoja. Kisha vidole viwili. Asubuhi moja nikaona amesimama kwa mguu mmoja, amegusa ukuta kwa kidole cha shahada tu, chokaa ya ukuta imemwachia doa jeupe kwenye ncha ya kidole, na ananisimulia bei ya dagaa bila kuiangalia miguu yake. Kule kusimulia ndiko kulikonifurahisha zaidi. Mtu anayeweza kuzungumza huku amesimama hivyo, mizani yake imeacha kuwa kazi ya mawazo, imerudi mwilini. Mfuate mama kwa ngazi hiyo hiyo: viganja viwili, kimoja, vidole viwili, kimoja, kisha mkono ukae tayari karibu na ukuta bila kuugusa. Macho yabaki wazi. Kufumba macho kufanyike tu akiwa na mtu aliyesimama karibu naye.

Zoezi lisilomfanya ayumbe hata kidogo halimfundishi kitu. Anatakiwa kuyumba kidogo, mahali ambapo hawezi kuanguka. Mara ya kwanza utashikwa na hofu kumwona, mkaribie, usimkamate. Iwe walau siku tatu kwa wiki, na mkiweza kufikisha jumla ya saa tatu kwa wiki, kwa vipindi vifupi vifupi vya robo saa, mtakuwa mmefika pale ambapo tafiti huona nafuu kubwa zaidi.

Sasa mkeka. Umesema anaswali kwenye kiti, na dini imempa ruhusa hiyo mwenye udhaifu, kwa hiyo simwambii aache. Lakini mtu aliyeacha kwenda chini husahau kuinuka kutoka chini, na siku akianguka hata bila kuumia anaweza kulala sakafuni saa nyingi akisubiri mtu. Maisha yetu ya huku yanafanyika chini: mkekani, kwenye kigoda, kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kuinuka kwenye mbuzi peke yake ni zoezi ambalo wazee wa nchi za viti virefu hulipia fedha kulijifunza. Kama mmempokonya kazi ya kukuna nazi, mrudishieni, mbuzi iwekwe karibu na ukuta.

Kuinuka kwenyewe mfundisheni hivi, baada ya wiki tatu au nne za kiti kumkolea, na magoti yake yakiruhusu. Kutoka alipolala ageuke ubavu, ajisukume kwa mikono akae, aje kwenye magoti na viganja kama mtoto anayetambaa, atambae hadi kwenye kile kiti cha mbao. Aweke viganja juu ya kiti, alete mguu wenye nguvu mbele ukanyage, goti la pili libaki chini, atoe pumzi na kusukuma kwa mikono na mguu kwa pamoja. Akisimama, atulie ahesabu hadi kumi kabla ya kupiga hatua. Wengi wakishajua kwamba wanaweza kuinuka wenyewe, ile hofu iliyowakaza hupungua, na mwendo wao hubadilika siku hiyo hiyo. Wapo waliorudi kusujudu chini. Wapo ambao magoti yalikataa, na wakabaki kwenye kiti kwa amani.

Kuhusu majira, mwili wa mzee huyahisi kuliko wetu. Mvua zetu za kusini zikishaanza kuelekea Desemba, hadi Aprili, mazoezi yote yawe ndani, na uani aende mchana, ardhi ikiwa imekauka. Miezi hiyo ndiyo pia ya joto la kaskazi, jasho linatoka bila yeye kuhisi kiu, kwa hiyo anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa na afanye mazoezi asubuhi mapema. Ramadhani ikiingia, mazoezi yahamie baada ya futari, na suala la kufunga na ratiba ya dawa mlizungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kipupwe kikifika, Juni hadi Agosti, kusi likivuma, viungo vyake vitakuwa vigumu asubuhi, na kwa ndugu zetu wa Newala kule juu ndiyo zaidi. Asubiri saa tatu jua lipate nguvu, aanze akiwa ameketi, azungushe vifundo vya miguu na mabega ndipo asimame. Huo pia ndio msimu mzuri wa kutembea nje: uwanja mkavu, kaubaridi, mchanga wa kukanyaga. Atembee mwendo wa kuongea, na wewe upande wake.

Halafu unakuja msimu wa korosho, na hapo ndipo ninapotaka mlenge. Kuokota korosho ni kuinama na kuinuka mamia ya mara kwenye ardhi ya majani makavu, mizizi na mabibo yaliyooza, ambayo huteleza kama sabuni. Akiwa amefanya mazoezi tangu Desemba hadi Septemba, sioni kwa nini asirudi shambani kwa saa moja ya asubuhi, chini ya mikorosho iliyofagiliwa, na viatu vilivyofunga kisigino. Aokote kwa kutanguliza mguu mmoja na kuegemeza mkono mmoja pajani, mgongo umenyooka, asiiname kwa miguu iliyolingana. Akishainuka asubiri kidogo kabla ya kugeuka. Gunia wabebe wengine.

Usiku wako wa kutolala unatibika mapema zaidi, wikendi hii. Chimbieni mti au mianzi ya kushikilia, kimo cha nyonga, toka mlangoni hadi chooni, na mwage changarawe kwenye njia hiyo. Taa ndogo ya sola iwake pale usiku. Ndala zilizolika soli mzitupe leo. Dera lake lipunguzwe mpaka vifundo vya miguu vionekane. Nimeona madera mengi yakikanyagwa kwenye vizingiti. Na usiku wa mvua kubwa, ndoo yenye mfuniko ikiwa chumbani mwake si aibu hata kidogo. Fimbo mliyonunua ipimwe: akisimama mikono imeshuka, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, chini iwe na mpira, na aishike kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu dhaifu. Watu wengi huishika upande uleule wa mguu mbovu, na inawayumbisha badala ya kuwasaidia.

Kuna mambo yasiyosubiri mazoezi. Akianguka akashindwa kukanyagia mguu, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, msimvute wala msimkande. Apelekwe hospitali akiwa amelazwa. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vingine, na kila dakika ina thamani; msimpoteze muda nyumbani kwa kudhani ni upepo mbaya. Akijigonga kichwa kisha akaanza kusinzia, kutapika au kuchanganyikiwa, hata kama ni siku kadhaa baadaye, aende. Akianguka kwa kuzimia bila kujua kilichotokea, au moyo ukienda mbio ovyo, aende. Na wakati wa mazoezi, maumivu ya kifua, kizunguzungu au maumivu mapya ya mgongo maana yake ni kuacha siku hiyo hiyo.

Hata bila hayo, ningependa aonwe ana kwa ana mara moja kabla ya kuanza. Mko karibu: kuna hospitali ya Ligula, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, wa upande wa Lindi wana hospitali ya Sokoine, na wa Masasi wana ya Ndanda. Ulizia mazoezi tiba. Mbebee dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za kienyeji, na mwombe akaguliwe macho na nyayo siku hiyo hiyo. Ulizia pia dirisha la wazee, yaani sehemu ya hospitali inayowahudumia wazee, ana miaka 72 na utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Ukirudi nyumbani, pima mambo mawili uyaandike kwenye daftari. La kwanza: kwa sekunde thelathini, mikono kifuani, anainuka kitini mara ngapi? Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara kumi ni dalili kwamba miguu inahitaji kazi. La pili: akiweka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kwa vidole, anakaa sekunde ngapi bila kushika? Kumi ndizo tunazotafuta. Simama karibu naye. Rudia baada ya wiki sita, mchana, kwenye kiti kilekile, kisha uniandikie namba zote nne.